Kikokotoo cha Mkwe

Wanafunzi walimwita Pembetatu, tena walimwita hivyo akishawapa mgongo tu, maana akiwatazama hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, akapewa saa ya ukutani na maneno matamu, akarudi nyumbani kupumzika. Kupumzika kwenyewe kukamshinda. Mtu aliyezoea kelele za darasa zima hawezi kukaa akitazama pazia. Akaanza kuwatungia maswali watu wasiomkosea kitu: muuza magazeti, jirani aliyekuja kuazima pasi, hata daktari wa meno, ambaye wakati huo alikuwa ameshika koleo na hakuwa na nafasi ya kufikiria kipenyo cha taa yake.

Aliishi na mwanawe, fundi umeme, kijana mpole anayecheka kabla utani haujaisha, pamoja na mke wa mwanawe. Huyu mkwe alikuwa mtoa ishara kwenye majengo yanayojengwa. Anasimama chini na kofia ngumu na glavu za rangi ya chungwa, anamwonyesha kwa mikono mwendesha kreni aliye juu: pandisha, shusha, zungusha, simama.

"Kwa hiyo kazi yako ni kupunga mikono," Pembetatu alimwambia siku ya kwanza alipoletwa nyumbani.

"Ndiyo, mama. Nikikosea kupunga, tani mbili za matofali zinamshukia mtu kichwani."

Jibu lilimpendeza sana, ila uso wake haukuonyesha. Pembetatu hakuwa mtu wa kugawa tabasamu hovyo.

Basi jioni moja wakiwa mezani, mkwe akaweka kijiko chini, akasema ana neno. Kuna bandari mpya inafunguliwa katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Wanatafuta waendesha kreni. Atakayefaulu mtihani atapewa mafunzo, kazi na nyumba ya kukaa.

"Nimeyaona maswali ya mwaka jana," akasema. "Ni pembe tupu, mwanzo mpaka mwisho. Shuleni nilizikimbia, sasa zimenisubiri njiani. Mama, nifundishe."

"Akifaulu, mimi namfuata," mwanawe akadakia. "Umeme uko kila mahali."

Wakacheka, wakaendelea kula, na hakuna aliyesema mama atakuwa wapi. Pembetatu alikisikia kimya hicho vizuri kuliko maneno yote yaliyotangulia. Alitafuna polepole. Hakuuliza, kwa sababu aliona haya mtu mzima kujialika kwa watu, hata kama mmoja wao amemzaa mwenyewe. Lakini kumnyima mtu somo la pembe kulikuwa nje ya uwezo wake kabisa. Sahani zilipoondolewa tu, alikuwa ameshaleta kalamu.

Wakaanza na kitabu, na kitabu kikamkera mkwe mapema.

"Huyu bwana mwenye ngazi ana shida gani?" aliuliza siku ya pili. "Ukurasa huu ameegemeza ngazi ukutani. Ukurasa unaofuata, ngazi ukutani. Hapandi, hapaki rangi, hatengenezi paa. Anaegemeza tu na kutuuliza pembe. Na huyu mwenzake anayesimama juu ya mwamba kuangalia meli, hana kazi?"

Pembetatu alijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba na yeye bwana wa ngazi alikuwa amemchosha tangu ujana. Akakifunga kitabu. Tangu siku hiyo maswali yakatoka nyumbani kwenyewe: mteremko wa ngazi za nje, kivuli cha nguzo ya umeme, kamba ya kuanikia nguo inayolegea katikati kila mashuka yakiloa.

Wakatoka kupima tangi la maji la jirani. Walifunga uzi wenye nati kwenye protakta, kile kipimia pembe, mkwe akasimama mita kumi kutoka chini ya mnara wa tangi, akachungulia kilele kwa jicho moja, akasoma nyuzi thelathini na tano. Tanjenti ya thelathini na tano ni kama sifuri nukta saba, mara kumi, mita saba. Akaja mbio na jibu lake, meno yote nje.

"Saba?" Pembetatu akamtazama kwa utulivu ule uliokuwa ukiwaliza watoto wa watu. "Ulipokuwa unapima ulikuwa umelala kifudifudi?"

"Hapana, mama. Nilisimama."

"Basi macho yako yako wapi, kwenye visigino?"

Mkwe akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa amepima kuanzia usawa wa macho kwenda juu, akausahau urefu wake mwenyewe kutoka ardhini mpaka machoni. Ongeza mita moja na nusu. Jirani, aliyekuwa amejitokeza kuuliza kwa nini wanalilenga tangi lake kama wanaotaka kulipiga risasi, aliambiwa kwamba tangi lake limerefuka ghafla, akarudi ndani na wasiwasi wake.

Kulikuwa na somo la mkono pia. Kuna thamani za pembe ambazo mtu anatakiwa kuzijua bila kubonyeza kitu, na Pembetatu alizifundisha kwa vidole. Aliushika mkono wa kushoto wa mkwe, akautandaza mezani, akavigawia vidole pembe zao: gumba sifuri, kinachofuata thelathini, cha kati arobaini na tano, cha pete sitini, cha mwisho tisini.

"Nataka kosaini ya sitini. Kunja cha sitini. Upande wa kidole kidogo vimebaki vingapi?"

"Kimoja."

"Kipeuo cha pili cha moja?"

"Moja."

"Gawa kwa mbili."

"Nusu! Mama, hii mbona hawakutuambia shuleni?"

"Waliwaambia. Ulikuwa unachungulia dirishani."

Tena kila baada ya hatua mbili tatu alimkumbusha kanuni yake moja, aliyoirudia mpaka mwanawe akawa anaisema usingizini: kadiria kwanza, bonyeza baadaye. Kikokotoo ni mtumishi mtiifu. Ukimwagiza upuuzi, atakuletea upuuzi wenye nukta na tarakimu tisa.

Na mkwe alikuwa anaelewa. Hapo ndipo palipouma. Mwanafunzi mbovu angemsaidia Pembetatu kulala vizuri. Huyu alikuwa anakwenda kama moto wa mabua makavu, anarudi kutoka kazini na vumbi usoni, anaanza kueleza akiwa bado mlangoni jinsi mkono wa kreni ukishushwa pembe inavyopungua na mzigo unavyokwenda mbali zaidi na mashine, na ndiyo maana pale pembe ni ndogo hawaruhusiwi kubeba kizito. "Ni kosaini, mama! Miaka yote nilikuwa napunga kosaini!" Pembetatu alimsikiliza, moyo ukamjaa furaha ya kweli, halafu furaha hiyohiyo ikageuka ikamchoma, kwa kuwa kila jibu sahihi lilikuwa linawasogeza wale wawili karibu na stendi ya basi. Alikuwa anaifundisha nyumba yake kuwa tupu, tena kwa bidii. Usiku alijigeuza kitandani akijiambia hajali. Uongo mtupu.

Jioni ya kuamkia mtihani walimalizia na radiani, ile namna nyingine ya kupima pembe, isiyotumia nyuzi. Pembetatu mwenyewe alikichukua kikokotoo, akakibadilisha kiwe cha radiani, akatunga swali: kreni imeufikisha mzigo mita ishirini kutoka katikati yake, imezunguka radiani moja na nusu, mzigo sasa uko umbali gani kwa mstari ulionyooka kutoka pale ulipoanzia? Mkwe akapata mita ishirini na saba na kitu. Wakapongezana, wakafunika kikokotoo, wakaenda kulala.

Asubuhi mkwe alikuwa anapiga nguo pasi chumbani, anaimba kwa sauti ya mtu mwenye hofu. Kikokotoo kilikuwa mezani karibu na kikombe cha Pembetatu. Akakiwasha tu, kwa mazoea, kama mtu anavyogusa sufuria kuona kama bado ina joto. Juu kabisa ya kioo, pembeni, kilikuwa kimeandika herufi R. R ya radiani. Ilitakiwa D, ya digrii, yaani nyuzi, na karibu maswali yote ya mtihani yalikuwa ya nyuzi.

Kubonyeza vitufe viwili na mambo yamekwisha. Au kuita tu: mwanangu, njoo urudishe hiki.

Akanywa chai.

Mkwe akatoka amevaa, akakitupia kikokotoo ndani ya mkoba, akainama kumuaga. "Niombee, mama."

"Kadiria kwanza," Pembetatu akasema, na sauti yake ikatoka kavu.

"Bonyeza baadaye!" Mkwe akajibu, akatoka na mumewe anayempeleka, mlango ukafungwa.

Nyumba ikanyamaza. Pembetatu akaanza kujitetea mbele ya mahakama isiyo na hakimu. Kwanza, mwanafunzi anatakiwa kukagua vifaa vyake mwenyewe. Hilo aliwaambia watoto wa watu maisha yake yote. Pili, kama mtu hawezi kuiona herufi moja, bandari itamwaminije na makontena? Tatu, akishindwa si mwisho wa dunia, ataendelea kupunga mikono, watakula pamoja jioni, na watakuwa na nafasi ya kurudia radiani vizuri. Nne, nne... Alipofika kwenye ya nne akaona haina maneno. Aliona tu uso wa mkwe ukiwa na majibu ya ajabu kwenye karatasi, asijue kosa liko wapi, ajione mjinga kama alivyojiona shuleni. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akavaa viatu. Kimoja alikivaa vibaya, akakivua, akakivaa tena akitukana kimyakimya. Simu ya mkwe ilikuwa imezimwa. Ya mwanawe ikaita weee bila kupokewa. Alikuwa ameshapanda juu ya dari ya mtu. Basi halionekani. Akamsimamisha kijana wa pikipiki, yeye ambaye alikuwa amekula kiapo kwamba pikipiki ataipanda siku atakapokuwa amekufa na hana uwezo wa kukataa.

"Bibi, shika vizuri," kijana akasema.

"Shika wewe barabara, mimi najishika mwenyewe."

Kwenye kona pikipiki ililala nyuzi kama ishirini na tano, naye ikabidi alale nayo. Kitambaa cha kichwani kikataka kwenda zake. Mara mbili alifumba macho, na mara zote mbili alijiambia anastahili.

Kwenye lango la ukumbi mlinzi alimpungia aondoke. "Mtihani umeanza, mama yangu."

"Nina ujumbe wa herufi moja tu."

"Hata nusu herufi haiingii."

"Mwanangu, nisikilize. Ni kitufe. Kuna mtahiniwa kikokotoo chake kiko vibaya, ukimnong'oneza tu yule msimamizi..."

"Mama, wewe ungekuwa msimamizi ungekubali?"

Alikuwa amesimamia mitihani mingi sana, na wazazi wenye ujumbe mfupi aliwafukuza wote, tena bila kuwaita mama yangu. Akakaa kwenye benchi la saruji kando ya ukuta, akasubiri. Hakuna adhabu aliyowahi kumpa mwanafunzi iliyokuwa ndefu kiasi hicho.

Mlango ulipofunguliwa watu wakamiminika. Mkwe alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipomwona mama mkwe benchini, kitambaa upande, vumbi mpaka kwenye nyusi, akapiga ukelele.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Swali la kwanza lilikuwa nini?"

"Mkono wa kreni mita thelathini, umeinuliwa nyuzi sitini. Mzigo uko umbali gani kwa usawa wa ardhi." Mkwe akaanza kucheka hata kabla hajaketi. "Nikakadiria kwanza. Kosaini ya sitini nusu, basi kumi na tano. Nikabonyeza nihakikishe. Mama, kikaniletea hasi ishirini na nane! Kreni imebeba mzigo nyuma ya mgongo wake! Nilitaka kuangua kicheko, msimamizi akanikodolea macho. Nikaona ile R. Kumbe jana tulisahau kukirudisha! Nikakirudisha, nikaendelea, nimejibu yote."

Matokeo yalitoka Ijumaa na alifaulu. Hilo nalisema mapema ili usikae roho juu. Lakini jambo lenyewe liliamuliwa pale benchini, kabla ya Ijumaa.

Pembetatu angeweza kunyamaza. Njia ilikuwa wazi na laini: tulisahau, wote wawili, bahati nzuri umegundua. Angerudi nyumbani na heshima yake nzima.

"Wewe ulisahau," akasema. "Mimi sikusahau."

"Vipi?"

"Asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikiwasha. Nikaiona R. Nikakiacha hivyohivyo."

Kicheko kikamtoka mkwe usoni polepole. Alimtazama yule mama kana kwamba anasoma swali ambalo halikuwa limefundishwa.

"Ulitaka nishindwe."

"Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, ndiyo. Halafu nikapanda pikipiki."

Mkwe akasimama. Akaenda mpaka langoni, mkoba ukimpiga pajani, na Pembetatu hakumwita, kwa kuwa hakuona haki ya kumwita. Mlinzi aliangalia kando. Pale langoni mkwe akasimama kwa muda, mikono kiunoni, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akarudi. Macho yalikuwa yamelowa na hasira ilikuwa bado ipo.

"Ungesema tu hutaki tuondoke!"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo, mama! Unao! Huo unaomsumbulia daktari wa meno!"

Pembetatu akatazama mikono yake. Maneno aliyoyakalia miezi yote ile yakatoka bila mpangilio, na yeye alichukia sana kitu kisicho na mpangilio. "Sitaki mniache. Nataka ufaulu, wallahi nataka, sijawahi kuwa na mwanafunzi kama wewe. Na sitaki mniache peke yangu na saa ya ukutani. Ndiyo hivyo. Nisamehe."

Mkwe akaketi tena, kwa kishindo cha mtu aliyechoka. Akafuta macho kwa kiganja.

"Unakumbuka ile Jumapili nilisema nakwenda kumtembelea rafiki yangu, nikalala huko?" akauliza hatimaye. "Nilikwenda kuona nyumba ya bandarini. Mwanao alitaka tukuambie tangu mwanzo, mimi nikakataa. Nilisema nikishindwa, mama atakuwa amefungasha bure, na kwa jinsi anavyopenda mambo yake yawe sawasawa, hatatusamehe. Chumba chako ni cha upande wa asubuhi. Nimekipima chote."

Pembetatu akageuka, akamtazama mkwe.

"Tatizo ni kabati lako la vitabu," mkwe akaendelea, bado amenuna, lakini kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuchora pembetatu juu ya saruji ya benchi. "Urefu, miguu yake ikiwemo, mita mbili na sentimita thelathini na mbili, kina chake sentimita sitini na tano. Dari iko mita mbili na sentimita arobaini, kwa hiyo likisimama linatosha. Lakini mlango ni mfupi, lazima liingie limelala, halafu tuliinue. Na likiwa linainuka, kona hii mpaka kona hii ndiyo inayopita juu. Nimepiga hesabu. Inafika sentimita mia mbili arobaini na moja. Linagusa dari, mama. Sentimita moja tu. Nimelihangaikia wiki mbili."

Pembetatu aliukazia macho ule mstari usioonekana juu ya saruji. Akaukadiria kwanza. Kisha akahesabu kichwani, midomo ikicheza, akaipata ileile mia mbili arobaini na moja, na machozi yakamshuka bila kuyafuta.

"Miguu ya kabati," akasema, "inafunguka."